Mwaka Wangu wa Ugenini Mangochi



Mama zangu, dada zangu na ndugu wasomaji, tangu nirejee Malindi nimeulizwa na wengi: "Shehe, huko Malawi ulikwenda kufanya nini mwaka mzima?" Wako wanaodhani nilikwenda kwa ajili ya da'awa, na wako wanaodhani kulikuwa na mshahara mnono. Nimewajibu kwa ufupi barazani na baada ya swala, lakini jawabu kamili sijalitoa, kwani sehemu yake moja yanihusu mimi mwenyewe, wala si sehemu ya kujivunia. Leo nitalitoa lote, na mwenye kuhukumu na ahukumu.

Niliondoka Septemba 2023, nikiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, kwa mwaliko wa jumuiya ndogo ya hisani ya huko. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: nauli, chumba na chakula juu yao, mshahara hakuna. Kazi ilikuwa kuzunguka skuli nne za msingi za vijijini katika wilaya ya Mangochi, upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, ambalo wenyewe huliita Ziwa Malawi. Niwasaidie walimu katika kuwafundisha watoto kusoma, na niwasogeze pamoja watu wa skuli na watu wa madrasa.

Hili la pili lahitaji maelezo. Wenyeji wengi wa Mangochi ni Wayao, na Wayao wengi ni Waislamu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Dini iliwafikia kwa njia ya misafara ya biashara baina ya ziwa na pwani yetu. Skuli nazo zilikuja kwa mikono ya wamishonari, na wazee wakahofu kwamba mtoto akiingia darasani na jina la Kiislamu atatoka na jina jingine. Hofu ile haikuwa ya kijinga, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Serikali ilipoondoa ada za skuli za msingi mwaka 1994, watoto wengi waliingia, ila mazoea ya kuitilia skuli shaka hayafutwi kwa tangazo. Ndipo jumuiya ile ikaona kwamba mtu aliyekaa chuoni, akasoma na skuli, na bado ana kofia yake kichwani, huenda akasikilizwa.

Safari ilikuwa ya siku tano kwa mabasi. Kutoka Mombasa nilivuka Lunga Lunga, nikapita Tanga hadi Dar es Salaam, kisha Mbeya, na mpakani nikavuka Mto Songwe kuingia Karonga. Toka hapo njia yateremka kusini kwa masafa marefu, na ziwa liko mkono wa kushoto, kubwa mno hata jicho la mtu wa pwani hudanganyika likadhani ni bahari, mpaka pua ikose harufu ya chumvi. Mama watoto alinifungia mahamri ya safari yote. Yalikwisha kabla ya Mbeya, kwa kuwa abiria wenzangu walikuwa na pua kali.

Nilipewa chumba katika nyumba ya bibi mmoja mjane, ambaye kijiji kizima kilimwita Agogo, ndilo neno la bibi au babu kwa Kichewa. Aliishi na mjukuu wake wa kiume aliyesoma hadi sekondari, na huyo ndiye aliyekuwa ulimi wangu miezi ya mwanzo. Nilipofika mlangoni nilipiga hodi, na kutoka ndani sauti ikajibu "Odini!" Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea kwamba hapa ni nyumbani tu, lugha ni ndugu: nyumba ni nyumba, mwana ni mwana, maji ni madzi, na kujifunza ni kuphunzira.

Undugu wa lugha ulinitia shimoni jioni ile ile. Agogo aliniwekea nsima, ambao ni ugali wao laini, na usipa, visamaki vidogo mfano wa dagaa. Baada ya kula nilitaka kuomba ruhusa nikalale, nikasema kwa Kiswahili changu kwamba nimechoka. Uso wa bibi wa watu ukabadilika. Akamtazama mjukuu, mjukuu akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa adabu kubwa ni kosa gani nimeona katika nyumba yao. Kumbe kwao kuchoka ni kuondoka, na anayemwambia mwenziwe "Choka!" amemfukuza. Mtu aliyelemewa na safari husema "Ndatopa." Tulicheka sana, lakini usiku nilipolala nilitafakari: neno nililodhani nalijua kuliko yote ndilo lililoniangusha.

Laiti ningelishika somo lile tangu siku ya kwanza. Sikulishika.

Skuli ya kwanza niliyotembelea ilikuwa na majengo mawili ya matofali, na darasa la pili lilikaa chini ya mwembe. Niliwahesabu watoto 114 mbele ya mwalimu mmoja, ubao mmoja umeegemezwa shinani. Nilisimama nikamwonyesha mwalimu yule jinsi ya kuwagawa watoto katika makundi, na jinsi ya kumfanya mkubwa amsomee mdogo. Alinishukuru: "Zikomo, zikomo kwambiri." Nilipopita tena wiki ya pili, hakuna kilichobadilika. Vitabu vilikuwa vichache mno, na yule mkubwa niliyemtaka asome hakuwa anajua kusoma.

Kisha nikaligeukia jambo la madrasa. Watoto walikuwa wakisoma Qur'ani alfajiri, wakichelewa huko, na wakifika skuli somo la kwanza limekwisha. Walimu wa skuli walinung'unika, na maalim wa madrasa naye aliwaona walimu wale kuwa ni watu wenye kiburi. Mimi, kwa hekima yangu ya kutoka Malindi, nikapendekeza madrasa ihamishiwe alasiri, kama tufanyavyo katika mitaa yetu mingi. Maalim akaitikia kwa kichwa. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Alasiri nikakaa msikitini na juzuu zangu, na walikuja watoto saba.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Agogo alikuwa akipembua mahindi. Aliniuliza kisa, nikamweleza kupitia kwa mjukuu wake. Akaniambia kwamba wao wana msemo: "Mlendo ndi amene amabwera ndi kalumo kakuthwa," yaani mgeni ndiye ajaye na wembe mkali. Nikafurahi, nikamwambia nasi twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye hakufurahi sana. Akasema, "Wembe wako ni mkali, bambo, lakini hujakitazama kichwa unachokinyoa. Umewahi kuuliza watoto wako wapi alasiri?"

Sikuwahi kuuliza. Alasiri wasichana walikuwa kwenye foleni ya mjigo, ndiyo pampu ya mkono ya kisima, kisha waliwabeba wadogo zao mgongoni mama akirudi shambani. Wavulana walikuwa na mbuzi. Saa niliyoiona mimi kuwa tupu ndiyo saa iliyobeba nyumba zao.

Siku iliyofuata nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba ruhusa ya kukaa darasa la kwanza. Si kufundisha, kusoma. Alidhani natania. Kwa wiki kumi, kila asubuhi, nilikaa nyuma ya darasa lile juu ya mkeka, magoti yakilia, nikisoma Kichewa silabi kwa silabi pamoja na watoto wa miaka sita. Walinicheka mpaka wakachoka, kwa maana yetu ya kuchoka. Mmoja wao, kijana asiye na meno ya mbele, alijifanya mwalimu wangu, na nilipokosea alinitikisia kidole. Mtu wa rika langu aliyezoea kubusiwa mkono si rahisi kutikisiwa kidole. Nilimkumbuka Nabii Musa, amani iwe juu yake, katika kisa tunachokisoma kila Ijumaa, alipoambiwa mapema kwamba hataweza kusubiri. Yeye alikuwa nabii, na ilimshinda. Nikaona hata nikijikwaa mara tatu sitakuwa wa kwanza.

Baada ya wiki hizo mambo mawili yalitokea. La kwanza, nilianza kusikia. Nilisikia yasemwayo kwenye mjigo, sokoni, na nje ya msikiti. La pili, watu walianza kunisemesha, kwani ni rahisi kumwambia kweli mtu uliyemwona akitikisiwa kidole na mwanao. Shauri la madrasa lilitatuliwa na akina mama, si na mimi. Walisema: alfajiri ibaki, ila maalim asimamishe somo jua linapochomoza, kisha awapeleke watoto skuli yeye mwenyewe kwa miguu. Hivyo hatakuwa na mtoto wa kuchelewa, na walimu wa skuli watamwona uso kila siku. Maalim akakubali. Mwezi wa pili wa mpango huo nilimkuta amekaa ofisini kwa mwalimu mkuu, wanakunywa chai. Pia nilifahamu jambo lililonigusa: kwa Wayao, anayefundisha Qur'ani huitwa mwalimu, neno lile lile letu, lililofika huko na misafara. Neno letu lilikuwa limetangulia kuhamia kule, nami nilikuwa nikilifuata.

Nisiwapambie habari. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Novemba 2023 thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 44, na mara bei ya sukari, mafuta na sabuni ikapaa. Mvua zilikuwa haba. Malawi ina miezi ya njaa inayojulikana, kuanzia kama Januari hadi Machi, akiba ya mahindi inapokwisha na mapya hayajakomaa. Safari hii njaa haikungoja mwaliko. Skuli moja tu katika zile nne ilikuwa na uji wa watoto, ule wa mahindi na soya waitao likuni phala, na siku za uji darasa lilijaa. Katika zile tatu watoto walisinzia. Ramadhani iliingia katikati ya Machi, na tarehe 23 ya mwezi huo Rais akatangaza hali ya janga katika wilaya 23 kati ya 28 za nchi kwa sababu ya ukame. Tulifuturu kwa maji na kiazi kitamu kilichochemshwa. Agogo alinipa mimi kipande kikubwa, na nilipokikataa alisema mgeni akikonda ni aibu ya nyumba. Nikala kwa aibu yangu ili nimwondolee yeye ya kwake.

Homa ya malaria ilinipata mara mbili. Mara ya pili nilizungumza peke yangu usiku, na mjukuu akaniambia asubuhi kwamba nilikuwa nikimwita mama watoto. Ndio msinihadithie habari za shehe aliyejitolea, kana kwamba alijitolea peke yake. Aliyejitolea ni pia mwanamke aliyebaki Malindi akiendesha chuo changu asubuhi, akipika vitumbua vya kuuza jioni, na akimjibu kila anayeuliza, "Yuko salama, alhamdulillah," hata siku ambazo simu yangu haikupatikana.

Sasa nafika kwenye sehemu niliyosema kwamba si ya kujivunia.

Mwezi wa Mei 2024, mavuno yakiwa yameingia machache, baba mmoja alinijia usiku. Alikuwa mtu mpole, msafi wa mavazi, hakosi safu ya mbele. Akaniambia ana binti anataka kumwoza, na amekusudia kunipa mimi heshima ya kufungisha nikahi, kwa kuwa shehe wa pwani kufunga ndoa ni baraka kwa ukoo. Mchumba ni mtu mzima mwenye duka katika kituo cha biashara. Nikauliza ni binti yupi. Akamtaja.

Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na kule skuli ya msingi ni madarasa manane, kama ilivyokuwa kwetu zamani. Alikuwa mmoja wa wale wakubwa waliowasomea wadogo, mpango ule wangu wa awali uliokuja kufaulu baadaye tulipopata vitabu. Sauti yake ilikuwa nzito, akisoma huku kidole kikifuata mstari, na watoto wadogo walimng'ang'ania. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Kwa hesabu ya mama yake alikuwa na miaka kumi na minne, pengine kumi na mitano.

Nikamwuliza baba: "Kwa nini sasa?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema shamba lililompa magunia kumi na mawili mwaka uliopita limempa matatu, na nyumbani kuna midomo minane. Hakuwa na tamaa. Alikuwa mtu anayehesabu midomo.

Nilimwambia anipe siku tatu. Nilipobaki peke yangu, aliyenijia mbele ya macho si binti yule. Alikuwa binti mwingine, wa hapa Malindi.

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Nilikuwa shehe kijana, nafungisha nikahi zangu za mwanzo. Binti yule alisoma katika chuo changu, na skuli alikuwa darasa la saba. Nilimjua hifadhi yake, nilijua amefika juzuu ya ngapi. Baba yake aliponijia sikuuliza swali hata moja. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa tayari imekataza, nasi tuliijua, lakini tuliiona ni maneno ya serikali. Katika fikihi nilikuwa na jawabu langu: madhehebu yetu ya Imamu Shafi humpa baba mamlaka ya kumwoza bintiye bikira. Hiyo ni kweli, imo vitabuni. Lakini vitabuni humo humo mna masharti, na mna kwamba kumtaka binti shauri ni sunna, na mna kwamba kuzuia madhara ni katika misingi ya sharia yetu. Mimi nilisoma ukurasa ulionirahisishia siku. Niliandika majina, nikasoma hutuba, nikala pilau. Hakuna aliyemuuliza yule mtoto, na mimi niliyekuwa na haki ya kuuliza kuliko wote sikuuliza.

Asubuhi nilimweleza Agogo habari zote mbili, ya Mangochi na ya Malindi. Kwa wakati huo sikuhitaji mkalimani. Hakunilaumu wala hakunifariji. Alisema tu, "Umezungumza na baba. Kwetu baba si mwisho wa maneno." Akanieleza kwamba kwa Wayao ukoo hufuata kwa mama. Kaka wa mama ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao, na watu hao walio chini yake huitwa mbumba. Binti hawezi kutoka bila ya kauli ya mjomba. Katika sharia walii ni baba, nami sikusahau hilo. Lakini neno la kuisogeza au kuizuia harusi ile lilikuwa kwa mtu niliyempita njiani kila siku nikimsalimia juujuu.

Mjomba yule alikuwa mzee mrefu, mvuvi, mikono imechanika kwa kamba. Nilimkuta akitengeneza wavu. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza swali ambalo, nadhani, alikuwa amelihifadhi tangu nilipofika: "Wewe watoka pwani. Watu waliopelekwa huko zamani wakiwa na pembe mabegani, watoto wao wako wapi?"

Ndugu zangu, sisi twapenda kusimulia kwamba Uislamu ulifika ziwani kutoka kwetu. Ni kweli. Lakini misafara iliyokwenda na dini ndiyo iliyorudi na watumwa. Njiani nilikuwa nimepita Nkhotakota, ambako mfanyabiashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, alijijengea utawala tangu miaka ya 1840, yeye na waliomrithi wakiitwa Jumbe, na biashara yao ilikuwa pembe na watu. Nikamjibu mzee kweli: kwamba wako kwetu, wamechanganyika nasi, na baadhi yetu ni wao. Nikamwambia kuhusu Frere Town ya Mombasa, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na kwamba miongoni mwao walikuwemo Wayao na watu wengine wa ziwani, na kwamba kengele yao iko hadi leo, mahali tunapopaita Kengeleni.

Alisikiliza, sindano ya wavu imesimama. Kisha akasema, "Wakubwa wenu walinunua, na wakubwa wetu waliuza. Wote wana makosa. Watoto ndio hawakuulizwa."

Sikuwa nimepanga la kusema. Nilisema, "Mzee, hata huyu wa sasa hajaulizwa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani nimemtukana. Kumlinganisha shemeji yake, mtu mwema mwenye njaa, na wale! Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. Nikamwongezea, kwa haki, kwamba hata sheria ya nchi yake imekataza: Sheria ya Ndoa ya 2015 na katiba iliyorekebishwa mwaka 2017 zote zimeweka miaka kumi na minane. Akasema hayo ameyasikia redioni. Kisha akaniuliza, "Wewe umewahi kuwauliza wangapi kwenu?" Nikamsimulia habari ya Malindi. Yeye ni mtu wa pili kuisikia.

Siku ya tatu mjomba aliwaita baba, mama, Agogo na mimi. Binti aliketi karibu na mama yake. Mjomba alimuuliza mbele yetu sote. Binti alikaa kimya, na nilijua kwamba wengi wangekwisha kukichukua kimya kile kuwa ni ridhaa. Mjomba hakukichukua. Alingoja. Mwishowe binti akasema, akiangalia mkeka, kwamba anataka kufanya mtihani wa darasa la nane. Basi, ni hilo tu. Mjomba akasema harusi haipo.

Msidhani tulishangilia. Baba alinyanyuka akaondoka, na mpaka siku niliyofunga mizigo yangu hakunijibu salamu ila kwa sauti ya chini. Namwelewa. Maneno yangu hayakujaza gunia hata moja, na midomo ilibaki minane. Usiku ule nilimpigia simu mama watoto nikamweleza. Hakuuliza maswali mengi. Wiki ya pili alinitumia fedha zilizochangwa na akina mama wa chama chake, zikatosha mahindi ya nyumba ile kwa miezi kadhaa; nilizipitisha kwa mjomba ili baba asione mkono wangu. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlichanga siku ile mkiambiwa tu kuna nyumba ya Kiislamu yenye njaa. Sasa mmejua ni ipi, na mlizuia nini. Allah awalipe.

Nilirejea Malindi Agosti 2024. Binti aliendelea darasa la nane. Mwaka 2025 alifanya mtihani, akafaulu, na mjukuu wa Agogo amenipasha habari kwamba ameanza sekondari ya kutwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kama atamaliza sijui. Mvua ikikosekana tena, hesabu ya midomo itarudi.

Wiki ya pili tangu nirudi nilikwenda, pamoja na mama watoto, nyumbani kwa yule mwanamke niliyemfungia nikahi akiwa mtoto. Ana watoto watano sasa, auza samaki wa kukaanga. Nilimwambia nililokwenda kumwambia: kwamba siku ile nilipaswa kumuuliza, na sikumuuliza, na namwomba anisamehe. Aligeuza samaki wake karaini. Akasema, "Shehe, mimi siku ile nilikuwa nakungoja wewe. Nilijisemea, maalim wangu ataniuliza. Uliangalia karatasi tu."

Sikuwa na jawabu. Mama watoto alinishika mkono.

Kisha yule mwanamke akapangusa mikono, akasema kwamba amenisamehe zamani, ila ana haja moja. Binti yake mkubwa yuko gredi ya nane, na wako watu wameanza kuja kuzungumza na babake. Je, nitakwenda kuzungumza naye?

Nilikwenda jioni ile ile, kabla ya magharibi, na nimekwenda mara nne tangu hapo. Binti bado yuko skuli. Na sasa akija kwangu mtu kutaka nikahi, nina kawaida mpya, na wazazi wengine wameshanikasirikia kwayo: kabla ya kuandika jina lolote naomba kumwona binti mwenyewe na mama yake. Naangalia umri wake na haki ya sheria, asiyefika simfungishii. Aliyefika namuuliza, kisha nangoja, hata kimya kikiwa kirefu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie watu wa Mangochi mvua na heri, amtunze Agogo, azilainishe nyoyo za baba zetu wanaohesabu midomo, na atusamehe sisi tuliopewa haki ya kuuliza tukanyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.